Besi Isiyoandikwa

Viwanja Sitini, Ifakara
6 Mei 1996

Digna mpwa wangu,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unanijua, nikizunguka sifiki.

Siku ile ofisini mkuu wa shule aliniuliza swali moja tu: "Mzee Egidius, ni wewe uliyemfundisha huyu binti kwamba logi isiyoandikwa besi, besi yake ni moja?" Ulikuwa umesimama karibu na kabati unaniangalia. Mwalimu Apolinari alikuwa bado ameshika chaki. Nikasema, "Hapana mkuu. Hilo kalitoa kichwani mwake." Halafu nikacheka kidogo, nikaongeza, "Watoto wa siku hizi."

Kicheko hicho kinanifuata. Niko mashineni napokea magunia ya mpunga, nakisikia. Niko kanisani nakisikia. Jana nimetembea kutoka hapa mpaka Mlabani bila shughuli yoyote, nikafika, nikageuka.

Najua kilichofuata. Wamekusimamisha mstarini mbele ya shule nzima, wakasema umebishana na mwalimu na umemsingizia mtu mzima. Nimeambiwa hukulia. Nimeambiwa ulichukua begi ukaenda moja kwa moja kivukoni, ukavuka kwenda kwa mama yako.

Sasa nikueleze na upande wangu. Kwenye hesabu yenyewe mimi sioni kosa. Ukiona x imekaa peke yake, mbele yake kuna moja, haiandikwi. Ukiona x haina kipeo, kipeo chake ni moja, haiandikwi. Basi na besi, ile namba ndogo inayokaa chini ya logi, isipoandikwa itakuwa ni moja. Hesabu haiwezi kuwa na sheria mbili. Huyo Apolinari katoka chuo juzi, ndevu hazijamtoka vizuri, anakuja kutuambia ni kumi. Kumi kaitoa wapi?

Ila niliogopa. Kubishana na mtu wa chuo mbele ya mkuu sikuweza. Unajua pale uani kwangu, ule ubao na yale mabenchi, wazazi wanaleta watoto tuisheni kwa sababu ya jina. Mzee Logi. Nikaona jina linaondoka, nikakutanguliza wewe.

Rudi mwanangu. Moko, ule mtihani wa majaribio, inaanza Jumatatu tarehe 10 Juni, na mkuu ameshasema asiyefanya moko jina lake haliendi mtihani wa taifa. Miaka yako minne itamwagika hivihivi. Na hili la ofisini usimwambie mama yako kwanza. Nitalitengeneza mwenyewe, kimyakimya.

Barua nimempa Abdulkarim wa samaki, anavuka huko kila asubuhi na baiskeli yake.

Mjomba wako,
Egidius Libenanga


Lupiro
12 Mei 1996

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika. Inanuka perege lakini inasomeka.

Mama hajui. Anajua niligombana na mwalimu, basi. Sijamwambia, na si kwa sababu umeniomba.

Niko juu ya dungu la kufukuzia ndege tangu kulipopambazuka. Mpunga umeanza kuinama na kweleakwelea wameshuka. Nikivuta kamba makopo yanalia, wanaruka wanakwenda shamba la Sebastiani. Sebastiani naye anapiga debe, wanarudi kwangu. Ndiyo kazi yetu mchana kutwa, tunatupiana ndege. Katikati hapo mtu anapata nafasi ya kufikiri.

Unakumbuka nilikuja kukuuliza, moja kipeo ngapi inakuwa mia? Ulikuwa unafuta ubao. Ukasema, "Usinichimbe Digna, fuata jedwali." Nikafuata jedwali. Sasa nakuuliza tena, na sasa hivi huna mahali pa kukimbilia.

Tuseme nina shamba la ajabu, kila punje moja nikiipanda inanipa punje mbili. Msimu wa kwanza mbili, wa pili nne, wa tatu nane. Mtu akiniuliza, itanichukua misimu mingapi punje moja mpaka zifike nane? Namjibu mitatu. Hiyo tatu ndiyo logi. Nane ndiyo namba tunayoitafutia logi. Mbili, ile punje moja inachozaa, ndiyo besi. Logi si kitu kingine Mjomba, ni swali la misimu mingapi.

Haya. Sasa nipe shamba la besi moja. Napanda punje moja, navuna moja. Mwakani napanda moja, navuna moja. Misimu mingapi mpaka zifike mia? Hazifiki. Nitazeeka juu ya hili dungu na punje yangu moja mkononi. Na ukiniuliza misimu mingapi mpaka niwe na punje moja, nitakujibu yoyote, mitano, themanini, unayotaka wewe. Swali moja halina jibu, jingine lina majibu yote. Ndiyo maana wamekataza besi kuwa moja. Si ubishi wa chuo.

Sifuri nayo hapana, hilo ni shamba walilopita viboko, hata mbegu hakuna. Hasi ndiyo mbaya zaidi. Besi ya hasi mbili, msimu huu unadaiwa mbili, ujao una nne, unaofuata unadaiwa nane. Na mtu akikuuliza katikati ya msimu ulikuwa na ngapi, huna cha kumjibu.

Chukua kitabu chako cha majedwali. Tafuta logi ya mia. Utakuta mbili. Ni namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inakuwa mia? Halafu uniambie Apolinari kaitoa wapi kumi.

Kuhusu kurudi sijui.

Digna


Viwanja Sitini
19 Mei 1996

Mpwa wangu Digna,

Nimekaa na hiyo barua yako siku kadhaa. Mashineni nimepima gunia moja mara mbili, mwenye gunia akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia logi. Akadhani ni ugonjwa, akanipa pole.

Nimefungua majedwali. Mia, mbili. Elfu, tatu. Kumi yenyewe, moja. Mle ndani yote ni kumi, kila mstari, tangu siku ya kwanza nilipokishika kile kitabu. Nilikuwa napata majibu sahihi miaka yote kwa kumi, nikiwa nasema mdomoni ni moja. Kumi ilikuwa inanifanyia kazi na mimi simjui.

Nikuambie kitu sijawahi kumwambia mtu. Watu wanasema nilisomea hesabu. Sikusomea. Wakati wa kujenga reli nilikuwa nashika fito la wapimaji, kijana mwenye miguu mirefu. Mpimaji mmoja wa Kichina alinipenda. Hakuwa na Kiswahili, mimi sikuwa na Kichina. Alinionyesha kwa kidole. Unaanzia hapa pembeni, unakwenda hapa kulia, unachukua hii, unajumlisha na ile, unarudi kwenye jedwali la nyuma. Nikikosea anatikisa kichwa, nikipata ananipa sigara. Namba zake zilikuwa zetu, kwa hiyo tulielewana. Lakini kidole hakiwezi kusema kwa nini. Ile ya moja nilijijazia mwenyewe baadaye, watoto walipoanza kuuliza. Niliona aibu kusema sijui.

Sasa nimeelewa sheria. Besi lazima iwe kubwa kuliko moja. Si ndiyo?

Na nina habari njema. Nimeyamaliza. Juzi nimekwenda kwa mkuu wa shule, mimi mwenyewe, nimevaa shati la Pasaka. Nikamwambia, "Mkuu, huyu ni mtoto, msamehe, hasira za ujana." Alikuwa anamenya karanga. Akamenya, akamenya, akasema, "Mzee Egidius, kwa heshima yako. Aandike barua ya kuomba radhi kwamba alisema uongo na kumsingizia mjomba wake. Akiileta, anaingia moko." Barua ya maelezo ameshaituma kwa mama yako.

Unaona? Ni mistari miwili mitatu tu. Ukiandika yanakwisha, unarudi darasani, na watu watasahau.

Nakusubiri,
Mjomba Egidius


Lupiro
23 Mei 1996

Kaka Egidius, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi kusoma na kuandika kwangu ni kwa shida, unajua, nivumilie. Nakuandikia kukushukuru. Barua ya shule imekuja, nimesomewa na katekista, nimejua kumbe ulikwenda kwa mkuu kutuombea. Mungu akuzidishie kaka. Baba yake angekuwa hai angekuja mwenyewe kukushika mkono.

Lakini mtoto amenishinda. Nimempa karatasi na kalamu nikamwambia andika, mjomba wako kajidhalilisha kwa ajili yako. Akaniangalia tu. Nikamwambia, kwani ulisema uongo au hukusema? Nikamwambia, mtu mzima anakuja anakusingizia wewe mtoto, inawezekana? Akaichana karatasi. Kaka, nimempiga. Sijampiga huyu mtoto tangu ameota matiti, jana nimempiga kwa mwiko mpaka mwiko umekatika. Na hakulia, hicho ndicho kinachoniudhi.

Nimemwambia nyumba hii hailei waongo. Tangu hapo hashuki dunguni, hata ugali wifi Febronia anampelekea huko huko.

Uje uzungumze naye wewe, anakuheshimu.

Dada yako Bernadeta


Lupiro, dunguni
25 Mei 1996

Mjomba,

Shikamoo.

Nusu inaruhusiwa. Umesema besi lazima izidi moja, si kweli. Fikiria kihenge chenye panya, kila mwezi unakuta imebaki nusu. Ulikuwa na debe nne. Imepita miezi mingapi mpaka umebaki na debe moja? Miwili. Swali lina jibu moja, halina shida. Besi inaweza kuwa ndogo kuliko moja, ilimradi si sifuri na si hasi. Kinachokatazwa ni kile kisichosogea. Nimekusahihisha hili ili usije ukawaambia wengine.

Sasa la pili. Unafikiri niliondoka kwa sababu ya kusimamishwa mstarini. Sikuondoka kwa hilo.

Mwalimu Apolinari alipouliza darasani besi isiyoandikwa ni ngapi, nilikuwa najua ni kumi. Nilishajua tangu siku ile uliponiambia nisikuchimbe, nilikwenda nyumbani nikajaribu mwenyewe. Theodori ndiye aliyejibu. Akasema, "Moja, mwalimu, Mzee Logi katufundisha!" Mwalimu akacheka. Akasema huyo Mzee Logi akachunge mbuzi. Darasa zima likacheka, na Theodori naye akacheka, kama si yeye aliyetoka kukutaja. Wale unaowafundisha na kuwalisha karanga uani kwako wote walikuwa wanacheka.

Nikasimama. Nikasema ni moja, na mjomba wangu hajakosea. Nikabisha mpaka mwalimu akakasirika. Nilijua nabisha uongo, Mjomba. Niliona heri nionekane mjinga mimi. Nikajua wakikuita utasema ndiyo, nilimfundisha mimi, tutaonekana wajinga wawili, tutarudi nyumbani tukicheka.

Ukaja ukacheka peke yako.

Barua ya kuomba radhi siandiki. Mama ameshanipiga, imekwisha. Shangazi Febronia anaondoka tarehe 11 Juni kwenda kwenye mashamba ya miwa kupikia wakataji, nimemwambia nakwenda naye. Amekubali. Sufuria kubwa tumeshanunua.

Digna


Viwanja Sitini
30 Mei 1996

Bernadeta mdogo wangu,

Kaa chini kabla katekista hajakusomea hii. Au bora akusomee Digna mwenyewe, maana inamhusu, na sitaki ipite mdomo wa mtu mwingine ikapoozwa.

Binti yako hakusema uongo. Mimi ndiye niliyemfundisha ile hesabu, kwa mkono wangu, kwenye ubao wangu. Nilipoulizwa ofisini nilikana, na yeye amesimama pale. Halafu nikarudi kwa mkuu kumwombea msamaha kwa kosa langu mwenyewe, na wewe ukanishukuru. Barua yako ya shukrani ninayo hapa. Nimeshindwa kuiweka mezani, nimeshindwa kuichoma.

Uliuliza inawezekana mtu mzima amsingizie mtoto. Inawezekana. Ni kaka yako.

Na ule mwiko ungenivunjia mimi. Usimpige tena. Usimwite mwongo. Mwombe radhi, na mimi nakuja kuomba zangu.

La mwisho, mengine utayasikia mtaani bora uanze kwangu. Shule niliishia kidato cha pili. Cheti ambacho mama alikuwa anawaonyesha watu ni cha kushona, cha misheni.

Kaka yako,
Egidius


Viwanja Sitini
2 Juni 1996

Digna,

Mama yako amenijibu kwa mdomo wa Abdulkarim. Kasema, "Mwambie nimesikia." Abdulkarim naye kaniangalia kama samaki aliyelala siku mbili. Najua hiyo barua niliyomwandikia Bernadeta ilisomwa kwa sauti, na najua kule kwenu kuta za matete hazizuii kitu.

Jana Jumamosi nilikuwa na kipindi uani. Walikuwa wengi, moko imekaribia. Nilitaka nianze na eneo la duara, nikashika chaki, nikaona naanza tena kuzunguka. Nikaandika ubaoni logi ya mia, nikaweka kumi pale chini, ndogo. Nikasema, "Niliwafundisha ni moja. Nilikosea. Na Digna hakuitoa kichwani mwake, aliitoa kwangu, na mimi nilimkana."

Kisha Beatus akasema, "Sasa Mzee, mbona majibu yetu yalikuwa yanatoka sawa?"

"Jedwali lilikuwa linajua. Mimi nilikuwa sijui."

"Duh. Kwa hiyo tungefundishwa na jedwali tu."

Wakacheka. Getrude, yule mpole wa mbele, akasema, "Na nikiandika moja kwenye moko nikakosa, nitamwambia nani?" Huyo hakucheka. Nikamwambia umwambie Egidius Libenanga, anakaa nyumba hii, haendi popote.

Theodori alikuwa anaangalia chini. Nikamwuliza, "Wewe ulicheka siku ile darasani?" Akasema, "Kila mtu alicheka, Mzee." Nikamwambia sawa, mimi nilicheka ofisini, tuko pamoja. Akaanza kulia, dume zima na sauti yake nzito, wenzake wakaanza kumtania, "Toto la mama, funga bomba." Nikawafokea. Halafu nikawaeleza shamba lako la punje. Nikawaeleza shamba la viboko, na kihenge cha panya. Nimesema yote ni ya kwako. Beatus kasema, "Basi Digna aje atufundishe yeye."

Leo kwenye kipindi benchi la nyuma lilikuwa tupu. Watu wa Mlabani wameanza kuwatoa watoto wao. Sikulaumu, nakuambia ujue imeanza.

Baada ya misa nimekwenda nyumbani kwa mkuu wa shule. Nimemwambia yote, mke wake akiwa anasikia. Amekasirika kweli. Kasema nimemfanya aadhibu mtoto bila kosa. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi andika barua Mzee, nitaiweka kwenye faili, binti arudi, hayo yaishie hapa." Nikasema hapana mkuu. Hakuadhibiwa kwenye faili. Alisimamishwa mstarini. Akasema mstarini kuna watoto wa fomu wani, watakuzomea mpaka sokoni. Nikasema wazomee. Tumebishana mpaka chai yake imepoa. Mwisho akasema, "Ijumaa. Ukichelewa, sikungoji." Na Mwalimu Apolinari alikuwa pale barazani, nilipoondoka kaniletea kofia yangu niliyoisahau.

Najua hujasema utarudi. Siwezi kukulazimisha, sina haki hiyo tena. Safari ya miwa ni tarehe 11, moko ni tarehe 10, na katikati hapo kuna wewe na uamuzi wako. Mimi nitafanya la kwangu hata usipokuja. Lakini ningependa usikie kwa masikio yako, si kwa Abdulkarim.

Alhamisi tarehe 6 navuka na pantoni ya kwanza. Nakuja mpaka chini ya dungu lako, sitapanda bila kuitwa. Kama utakuja, begi nitabeba mimi. Kama hutakuja, nitavuka peke yangu jioni.

Na Ijumaa tarehe 7 Juni, saa moja na nusu asubuhi, wakishaimba wimbo wa taifa, nitasimama mbele ya mstari wa shule yenu pale uliposimama wewe, nitataja jina lako lote na jina langu lote, na nitasema kwa sauti ya kufika mpaka darasa la mwisho kwamba Digna hakusema uongo, aliyesema uongo ni mimi, na ninaomba radhi kwake.

Egidius Libenanga